Sauti ya Chini: Besi katika Historia ya Uimbaji wa Kanisa, na Fundisho Lake kwa Sharika za Kibiti na Delta ya Rufiji

UTANGULIZI

Katika makala hii tunakusudia kutazama jambo ambalo mara chache limepata nafasi katika kurasa za jarida la teolojia, nalo ni besi katika uimbaji wa Kanisa. Tunaposema besi tuna maana ya sauti ile ya chini inayoubeba wimbo, iwe inatoka katika koo la mwimbaji, katika ngoma kubwa, katika tarumbeta au katika gitaa la nyuzi nne. Sisi wachungaji tumezoea kuuliza kwaya imeimba nini, na kama maneno yake yanapatana na mafundisho ya Kanisa. Swali hilo ni la lazima. Lakini lipo jingine ambalo historia inatudai tuliulize pia: ni nani anayeushika wimbo ili washarika wote wapate kuuimba?

Swali hili lilitujia siku tulipoalikwa kuongoza ibada katika mtaa mmoja mdogo upande wa delta ya Rufiji. Kwaya ilikuwa na waimbaji tisa, saba kati yao akina mama. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akiimba besi, na ambaye ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la besi, alikuwa amepata uhamisho majuma machache kabla. Gitaa lilikuwa limeegemezwa ukutani. Kwaya ilianza wimbo unaojulikana na wote. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika ubeti wa pili sauti ikapanda kidogo, katika wa tatu ikapanda tena, na kufikia ubeti wa nne wanaume waliokuwa kwenye mabenchi walikwisha kunyamaza, maana hakuna aliyeweza kuifikia. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alitwambia hivi: "Mchungaji, tulidhani tumepungukiwa na mtu mmoja, kumbe tumepungukiwa na wimbo."

Tunataka kuonyesha kwamba mzee huyo alisema neno ambalo historia ya Kanisa letu inalithibitisha. Besi si pambo la kwaya kubwa za mjini. Ni huduma kwa ajili ya uimbaji wa washarika, na mahali ambapo watu ni wachache huduma hiyo inahitajika zaidi.

1. BORITI ZA DELTA

Tuanze na mahali penyewe. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, takriban hekta 50,000, nao ni miongoni mwa misitu mikubwa ya namna hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja kupakia miti huko na kuipeleka Zanzibar, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani iliiweka misitu hiyo chini ya usimamizi wake, kwa kuwa ilijua thamani ya biashara hiyo.

Mtu akiingia katika nyumba ya mawe ya kale ya pwani na kutazama juu, ataziona boriti zimepangwa kwa safu, na juu yake mawe na chokaa. Msomaji atambue jambo moja kuhusu nyumba hizo. Vyumba vyake ni virefu lakini ni vyembamba, na kwa kawaida upana wake hauzidi mita 3 hivi. Sababu yake ni kwamba fundi hakuweza kujenga chumba kipana kuliko urefu wa boriti. Mwenye nyumba aliweza kuchonga mlango kwa nakshi za kila namna na kupamba kuta kwa vidaka, lakini upana wa mahali pa kukaa watu uliamuliwa na mti uliotoka katika matope ya delta, mti ambao mgeni aliyekaribishwa ndani hakuusifu.

Tunaitaja habari hii kwa kuwa inafanana sana na kazi ya besi. Wimbo unaweza kuwa na maneno mema na sauti ya kwanza iliyo tamu, lakini idadi ya watu wanaoweza kuingia ndani yake na kukaa inategemea kile kilichowekwa chini yake.

2. SAUTI YA CHINI KATIKA MAANDIKO

Katika 1 Mambo ya Nyakati 15 tunasoma jinsi Daudi alivyowaamuru wakuu wa Walawi kuwapanga ndugu zao waimbaji wakati sanduku la Bwana lilipoletwa Yerusalemu. Mpango huo ulifanywa kwa uangalifu. Katika aya ya 20 wanatajwa waliopewa vinanda vya Alamothi, na katika aya ya 21 waliopewa vinubi vya Sheminithi. Wafafanuzi hawapatani juu ya maana ya maneno hayo mawili. Neno Alamothi linahusiana na neno la Kiebrania la wanawali, na neno Sheminithi linahusiana na namba nane. Kwa hiyo wako wafafanuzi wengi, wa zamani na wa sasa, wanaoyaelewa kuwa ni sauti ya juu na sauti ya chini. Neno Sheminithi linaonekana pia katika vichwa vya Zaburi ya 6 na ya 12, nazo zote mbili ni zaburi za mtu aliye katika dhiki.

Hatupendi kujenga fundisho juu ya neno ambalo maana yake inabishaniwa. Lakini jambo moja halina ubishi: waliokabidhiwa vinubi vya Sheminithi wameandikwa kwa majina, mmoja mmoja, kama walivyoandikwa wenzao. Miongoni mwao yumo Obed-edomu, na jina hilo hilo linatajwa tena katika aya ya 24 kati ya mabawabu wa sanduku. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati hakuona kuwa kazi ya kushika zamu mlangoni na kazi ya kupiga kinubi ni vitu vilivyo mbali sana. Zote mbili ni kazi za ulinzi.

Mtume Paulo naye, katika 1 Wakorintho 14:7-9, anatumia mfano wa filimbi na kinubi kufundisha kwamba sauti zisipotofautiana, asikiaye hawezi kujua ni nini kinachopigwa. Na katika sura ya 12:22 anasema kuwa viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Mpiga besi anayesimama nyuma ya kwaya, karibu na ukuta, anaweza kuyasoma maneno hayo na kujiona ndani yake.

3. MATENGENEZO YA KANISA NA SAUTI NNE

Sisi Walutheri tunapenda kusema kuwa Martin Luther aliwarudishia washarika wimbo. Ni kweli, ila kazi hiyo haikukamilika kwa siku moja. Mwaka 1524 Johann Walter alitoa huko Wittenberg kitabu cha nyimbo za kwaya, na Luther akakiandikia dibaji. Nyimbo zilipangwa kwa sauti tatu hadi tano, na katika nyingi kati yake tuni haikuwa juu kama tulivyozoea sasa. Ilikuwa katikati, katika sauti ya tenori. Neno hilo lenyewe linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kushika. Sauti nyingine zilizunguka juu na chini ya tenori. Ulikuwa muziki mzuri, lakini mshariki wa kawaida aliyeketi kanisani hakuweza kuitambua tuni kwa urahisi katikati ya sauti hizo.

Mwaka 1586 Lucas Osiander, mchungaji na mhubiri katika nchi ya Württemberg, alitoa kitabu cha nyimbo na zaburi 50 alichokipanga kwa namna nyingine. Aliichukua tuni na kuiweka juu kabisa, akaziweka sauti nyingine chini yake zikienda pamoja nayo silabi kwa silabi, ili Kanisa lote liweze kuimba pamoja na kwaya. Mpango wa sauti nne tunaouona katika vitabu vyetu vya nyimbo hadi leo umetokana na mabadiliko ya namna hiyo. Msomaji aone kilichotokea. Tuni ilipopandishwa juu ili watu waishike, besi ililazimika kuwa msingi ulio imara kuliko hapo kwanza. Kwa hiyo uimbaji wa washarika na kazi ya besi vilikua pamoja.

Baada ya hapo vilikuja Vita vya Miaka Thelathini, kati ya 1618 na 1648. Heinrich Schütz alikuwa kiongozi wa muziki katika jumba la mtawala wa Saksonia huko Dresden. Kabla ya vita aliweza kuandika muziki wa kwaya nyingi na vyombo vingi. Vita vilipozidi, fedha zilikwisha na waimbaji wakatawanyika. Schütz hakuacha kazi. Mwaka 1636 na mwaka 1639 alitoa vitabu viwili vya matamasha madogo ya kiroho, yaliyoandikwa kwa mwimbaji mmoja, au wawili, au wachache zaidi, pamoja na besi iliyopigwa kwa kinanda tangu mwanzo hadi mwisho.

Tunaomba wanafunzi wetu wa teolojia walikumbuke jambo hili. Mtu huyu alipolazimika kupunguza, alipunguza kwaya, alipunguza matarumbeta na alipunguza vinanda vya nyuzi. Vitu viwili alivibakiza: sauti inayotamka Neno, na besi inayoibeba. Baadaye Johann Sebastian Bach, aliyetumika Leipzig tangu 1723 hadi kufa kwake 1750, aliwafundisha wanafunzi wake muziki kwa kuanzia chini, kwenye besi.

4. KUJA KWA NYIMBO HIZO PWANI

Misheni ya Kilutheri kutoka Berlin ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, ikafungua vituo Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895, katika nchi ya Wazaramo. Mwaka 1903 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Misheni ya Berlin iliyokuwa kongwe zaidi. Kusini mwa hapo, ng'ambo ya Uzaramo, Warufiji na Wandengereko walibaki kwa wingi wao katika dini ya Kiislamu, na wako hivyo hata leo. Katika nchi hiyo Kanisa letu limekuwa kama mgeni aliyekaribishwa, na mgeni mwema huangalia jinsi anavyopaza sauti yake. Tutalirudia jambo hili.

Wamisionari walileta nyimbo za sauti nne, wakazitafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za kikabila. Wengi wao waliiacha ngoma nje ya mlango wa kanisa, kwa kuihesabu kuwa ni mali ya unyago na ya mizimu. Hapo palikuwa na hasara kubwa kuliko walivyodhani. Watu wa pwani walikuwa na elimu yao ya sauti ya chini kabla ya misheni kufika. Kamusi za zamani za Kiswahili zinazitaja ngoma kwa majina mbalimbali: ipo chapuo, iliyo ndogo na yenye mlio mkali, upo msondo, ulio mrefu, na ipo vumi, ngoma kubwa yenye mlio mzito, ambayo jina lake ni jina la sauti yenyewe inayovuma. Mchezaji wa pwani alijua kwamba chapuo huchangamsha, na vumi huwaweka watu pamoja. Kwaya iliyofundishwa kuimba besi ya Kijerumani huku ikikatazwa vumi ilikuwa inajifunza upya kitu ambacho babu zao walikuwa nacho.

Hata hivyo Mungu ana njia nyingi. Misheni ile iliyoanzia Dar es Salaam ilihamia baadaye Bethel, karibu na Bielefeld, katika nchi ya Westfalia, ambako tangu miaka ya 1840 wakulima na mafundi walikuwa wakiunda kwaya za matarumbeta za Kanisa. Mchungaji Johannes Kuhlo (1856-1941), aliyetumika huko Bethel, ndiye aliyejulikana kuliko wote kwa kuzikuza. Desturi hiyo ilifika pia katika sharika zetu, na hadi leo matarumbeta husikika katika sikukuu na maziko ya Walutheri wa Tanzania. Katika kundi la matarumbeta yule anayepiga chombo kikubwa cha besi ndiye abebaye mzigo mzito kuliko wote, tena husikika mpigo mmoja mmoja wakati wenzake wakipiga tuni. Lakini akinyamaza, kundi zima husikika kama linaelea hewani.

Njia nyingine ilikuwa sol-fa, yaani ile namna ya kuandika sauti kwa herufi iliyoenezwa na John Curwen (1816-1880) wa Uingereza. Kwa njia hiyo mtu ambaye hakupata kuona kinanda aliweza kusoma sauti yake katika karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Kwaya nyingi za vijijini zilijifunza besi kwa njia hii, na kwaya nyingi bado hujifunza hivyo.

Baada ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania kuundwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba, ulikuja wakati wa kuirudisha tuni ya Kiafrika ndani ya ibada. Huko Makumira Mchungaji Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani aliyekuwa mwalimu wa chuo, alikusanya tuni za makabila mbalimbali pamoja na wanafunzi wake, na matunda ya kazi hiyo yakatokea katika kitabu cha Tumshangilieni Mungu. Miongoni mwa nyimbo za wakati huo ni wimbo wa Pasaka Mfurahini, Haleluya, wenye maneno ya Bernard Kyamanywa ya mwaka 1966 na tuni ya Kihaya, ambao sasa umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya nchi za mbali. Nyimbo hizo zilijengwa kwa kiongozi na waitikiaji. Hapo wanaume wenye sauti nzito walipata tena mahali pao pa asili, maana katika kuitikia ndiko watu wote hukutana.

5. GITAA LA NYUZI NNE

Gitaa la besi la umeme ni chombo kichanga. Lile lililoenea duniani kote lilitengenezwa na Leo Fender huko Marekani na kuanza kuuzwa mwaka 1951. Kabla ya hapo besi ilipigwa kwa chombo kikubwa cha mbao cha kusimama, ambacho watu wa pwani walikijua kutoka katika vikundi vya taarabu. Katika muziki wa dansi wa Tanzania gitaa la besi lilishika nafasi ya tatu pamoja na gitaa la solo na gitaa la rithimu. Kwa sababu hiyo lilipoingia kanisani wazee wengi walilitazama kwa mashaka. Walisema limetoka baa. Hatuwezi kuwalaumu wazee hao, kwa kuwa walikuwa wakiwalinda vijana wao. Lakini vijana nao walijibu kwa haki kwamba kinanda cha filimbi nacho, katika zama za Warumi, kilipigwa kwenye viwanja vya michezo kabla hakijaingia kanisani.

Mtafiti Gregory Barz wa Marekani, aliyekaa na kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam katika miaka ya 1990 na kutoa kitabu juu yake mwaka 2003, alionyesha kuwa kwaya ya Kitanzania ni jumuiya kamili. Ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Huwatembelea wagonjwa na kuwazika wafu wake. Tukilifuata wazo hilo tunaona kwamba mpiga besi si fundi wa kukodishwa. Ni mwana jumuiya aliyepewa kazi ya kuwasikiliza wengine wote. Mpiga solo anaweza kufumba macho na kujisikia mwenyewe. Mpiga besi hana ruhusa hiyo, kwa sababu mkono wake mmoja uko kwenye ngoma na mwingine uko kwenye wimbo. Akiharakisha, wote wataharakisha. Akipotea, hakuna atakayejua njia ya kurudi.

6. HALI YETU YA LEO

Sasa turudi Kibiti. Wilaya hiyo, iliyogawanywa kutoka Rufiji katika miaka ya 2010, inashika barabara kuu iendayo Lindi na vijiji vya delta ya kaskazini kama Nyamisati, Mchungu na Salale. Walutheri wa huko ni wachache, na wengi wao ni walimu, wauguzi, watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine. Watu wa namna hiyo huhamishwa. Mwenye sauti nzito akihamishwa, pengo lake huonekana upesi kuliko la mwingine, kwa kuwa mara nyingi alikuwa peke yake.

Katika hali hiyo yameingia mambo mawili ambayo inatupasa tuyatazame kwa makini.

La kwanza ni simu. Vijana wetu wengi hujifunza nyimbo kwa kusikiliza simu. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti yake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Sikio letu kwa neema ya Muumba hujazia sehemu ya kilichopungua, lakini kijana anayejifunza wimbo kwa njia hiyo hujifunza sauti ya kwanza tu. Redio ndogo za betri za zamani nazo zilikuwa na upungufu huo. Ila wakati ule kijana aliyesikia wimbo redioni alikwenda mazoezini akaikuta besi kwa watu walio hai. Siku hizi mazoezi yenyewe yanafanywa na simu ikiwa katikati.

La pili ni kinanda cha umeme chenye midundo iliyokwisha kutengenezwa. Mpigaji hubonyeza kwa mkono wa kushoto, na mashine humletea ngoma na besi. Tunaelewa kwa nini mitaa midogo inavipenda vyombo hivyo, maana mtu mmoja anafanya kazi ya watu wanne. Lakini mashine haiwasikilizi washarika. Bibi mzee akichelewa kuvuta pumzi, mashine haimngojei. Umeme ukikatika, wimbo unakufa. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalipofunika nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti, wengi walikumbushwa jinsi vitu hivi tunavyovitegemea vilivyo dhaifu. Kwaya yenye besi yake katika koo za watu inaweza kuhamia kwenye kilima na kuimba.

Hapa ndipo inapotupasa kulirudia lile la jirani. Sauti ya chini hupenya kuta na kwenda mbali kuliko sauti ya juu. Spika ya besi ikifunguliwa mno usiku, jirani wa Kiislamu aliyelala hatayasikia maneno ya Injili. Atausikia mtetemo tu katika kitanda chake. Katika mwaka 2017 wilaya hizi zilipita kipindi cha hofu kuu, askari polisi na viongozi wa vijiji walipouawa. Watu wa dini zote waliishi katika hofu hiyo pamoja. Baada ya siku kama zile, kuishi kwa amani na watu wote, kama inavyoagizwa katika Warumi 12:18, si jambo dogo. Mpiga besi mwenye hekima ni mtunza amani kwa kidole chake, maana anajua kiasi kinachowatosha walio ndani bila kuwasumbua walio nje.

7. MAPENDEKEZO

Kutokana na historia tuliyoieleza, tunaleta mapendekezo machache kwa wachungaji, wainjilisti na wanafunzi wetu.

Kwanza, mitaa midogo isijilazimishe kuiga kwaya kubwa za mjini. Schütz ametufundisha kuwa katika upungufu vitu viwili vinatosha. Mtaa wenye waimbaji saba ufundishwe wimbo na besi tu, mpaka vikae vizuri. Sauti mbili zilizo imara huwasaidia washarika kuliko sauti nne zinazoyumba.

Pili, besi ihesabiwe kuwa ni huduma, isihesabiwe kuwa ni koo la mwanamume peke yake. Pasipokuwa na mwanamume mwenye sauti nzito, mama mwenye sauti ya chini aishike tuni ya besi mahali anapoweza. Pasipokuwa na gitaa, ngoma kubwa ipewe heshima yake. Sasa tuko huru kuifungulia vumi mlango ambao zamani ilifungiwa.

Tatu, kila mwenye huduma hii awe na mwanafunzi. Mwalimu au muuguzi anajua kwamba siku moja barua ya uhamisho itakuja. Basi asiondoke na wimbo. Halmashauri ya usharika iulize kila mwaka ni nani anayefundishwa, kama inavyouliza habari za wanafunzi wa kipaimara.

Nne, tunaponunua vyombo tusianze na spika. Tuanze na mtu. Fedha kidogo za kumpeleka kijana mmoja kwenye mafunzo ya muziki zitadumu kuliko spika ambayo chumvi ya delta itaila ndani ya miaka michache.

Tano, sisi tulio vyuoni tuwafundishe wanafunzi wa teolojia kusikia. Mchungaji ambaye hawezi kutambua kuwa wimbo umepanda juu mno kwa washarika wake atadhani kuwa wamepoa kiroho, kumbe wamefungiwa mlango tu.

HITIMISHO

Mwaka uliofuata tulipita tena katika mtaa ule tulioutaja mwanzo. Mwalimu mwingine alikuwa bado hajafika, na gitaa lilikuwa bado limeegemezwa pale pale, likiwa limekatika uzi mmoja. Lakini akina mama wawili wenye sauti za chini walikuwa wamekaa upande mmoja, na kijana mmoja aliketi nyuma yao na ngoma kubwa katikati ya magoti, akiipiga polepole kwa kiganja. Mzee wetu alikuwa kwenye benchi la pili. Wimbo ulipofika ubeti wa nne ulikuwa bado uko pale ulipoanzia, naye alikuwa akiimba.

Ndugu wasomaji, Kanisa katika nchi ya mikoko lina watu wachache, nalo huenda likabaki hivyo kwa muda mrefu. Uchache haukumzuia Schütz kumsifu Mungu katikati ya vita, wala hauwezi kutuzuia sisi. Inatupasa tu kujua ni kitu gani tusichoweza kukipunguza. Wajenzi wa pwani walijua kwamba nakshi za mlango zinaweza kungoja, lakini boriti haiwezi kungoja. Bwana wa Kanisa atupe watu wa kuushika wimbo kutoka chini, na atupe sisi masikio ya kuwatambua na kuwashukuru wangali wapo pamoja nasi.